Kwaya Juu ya Sauti ya Simiyu

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi safari ilikuwaje, nami nimewajibu kwamba ilikuwa nzuri, ila barabara ilikuwa na matope. Hilo la matope ni kweli. Mengine nimeyaficha. Nimeona niyaandike kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Nikianza kusema huwa nakatiza pale panapouma. Tena nyinyi ni wenzangu wa kwaya, na sauti zenu zimo ndani ya jambo lenyewe.

Kitale

Mlimjua mdogo wangu Simiyu, aliyekuwa na kinu cha kusaga mahindi kule Sirisia, ambaye tulimzika mwaka jana baada ya figo kumsumbua kwa muda mrefu. Wengi wenu mlikuja mazishini. Mtakumbuka vijana wa pale walivyoomba kupiga muziki wake kidogo kabla ya jeneza kutoka nyumbani, na kaka mkubwa akakataa. Kaka huyo ni mimi.

Muziki wenyewe ulikuwa wa bendi moja ya Waairishi. Ilimfikia kupitia mwalimu wa kutoka huko, aliyefundisha shule moja upande wa Naitiri wakati Simiyu yuko kidato cha pili. Mwalimu aliporudi kwao alimwachia kaseti zake. Bendi ilikuwa na jina refu ambalo sikuwahi kulitamka sawasawa, kwa hivyo hapa nitawaita Waairishi tu. Mwimbaji wao sisi nyumbani tulimwita Mlalamishi, maana kila wimbo alisikika kama mtu anayegombana na mlango uliofungwa.

Simiyu aliniambia zamani kwamba hata kwao watu waligawanyika juu yake. Wengine walisema ndiye aliyewafungua midomo. Wengine walisema ni mtovu wa adabu aliyekwenda kwenye televisheni akawaaibisha wazazi wake na mapadri wa mji wake, kisha akahamia nchi nyingine. Kwetu pia tuligawanyika. Simiyu alikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine, na tulikaa hivyo zaidi ya miaka thelathini. Nilisema ni kelele, na mbele ya wageni nilisema ni nyimbo za shetani. Sikuwa nimesikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipokwisha kunyolewa nywele za msiba na vitu vya marehemu vikaanza kugawanywa, shemeji, mke wa Simiyu, aliniletea redio kaseti ya marehemu pamoja na sanduku dogo la kaseti kumi na moja. Akasema, "Hizi alisema ni zako. Alisema uzisikilize." Nilidhani Simiyu ananichokoza hata akiwa kaburini. Nilizipokea kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Sehemu inayofuata mnaijua, ila hamkuijua yote. Mliposema kwaya inahitaji kujirekodi ili ijisikie kabla ya mashindano, mimi nilijitolea. Simu yangu ni ya kubonyeza tu, na kaseti tupu hazipatikani tena hapa mjini. Nikachukua zile za Simiyu. Kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, redio haiwezi kurekodi juu yake tena. Simiyu alikuwa amevivunja kwenye kaseti zote. Nilikata vipande vya selotepu kwa mkasi wa kushonea, nikaziba matundu moja baada ya jingine. Ilinichukua karibu mchana mzima. Kwa hivyo siwezi kusema nilikosea kitufe. Mtu haendi kinyume cha ndugu yake mara ishirini na mbili kwa bahati mbaya.

Tulirekodi Jumapili baada ya Jumapili. Mlinishukuru, na mwalimu wa kwaya akanitaja mbele ya kanisa.

Majuma mawili kabla ya safari nilikuwa nashona sketi za shule huku kaseti mojawapo ikiendelea. Wimbo wenu uliisha. Mmoja wenu alikohoa, mwingine akasema tuonane Jumapili. Nilikuwa nimeshika kitambaa kwa mikono miwili, sikuinuka kuzima. Kukasikika mlio mdogo, halafu sauti ya Simiyu, karibu kabisa, kama amekaa kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Watu wanasema huyu mtu ana kiburi."

Aliendelea kwa muda usiofika dakika moja, gitaa likaingia, kaseti ikaisha. Nilizijaribu nyingine zote kumi, pande zote mbili, mpaka mwisho. Zote zilikuwa zimejaa kwaya.

Siku chache baadaye Nekesa, binti mkubwa wa Simiyu, akanipigia simu. Alisema ibada ya makumbusho ya baba yake ni Jumamosi ya juma linalofuata, msalaba wa saruji uko tayari. Akasema, "Baba mkubwa, tafadhali uje na zile kaseti. Baba aliongea mle ndani. Wanangu hawakumjua vizuri, nataka wamsikie."

Nikasema, "Nitazileta."

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza. Ningeweza kwenda moja kwa moja, nikafika siku ileile. Nilitoka Jumatano kwa sababu nilitaka kwanza kutafuta nakala mahali pengine, nikizipata nisilazimike kusema lolote.

Kitale hadi Naitiri, juu ya madawati

Khisa, seremala jirani yangu, alikuwa anapeleka madawati kwenye shule moja ya Naitiri kwa pikapu. Alinichukua kwa sharti kwamba nikae nyuma nishike kamba. Nilikaa juu ya dawati kama mwanafunzi, sanduku la kaseti mapajani, nimelifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Mpaka Kiminini tulikwenda vizuri. Tulipoacha lami mvua ikaanza, na karibu na Ndalu kamba ikakatika. Madawati matatu yalianguka kwenye matope. Tuliyaosha kwa maji ya mtaro, kisha tukasimama kwenye baraza la duka kungoja mvua ipungue. Ilichukua zaidi ya saa mbili.

Pale barazani alikuwepo mama mmoja anayechemsha mahindi. Alitupatia hindi moja moja, la moto kiasi cha kuunguza vidole. Aliangalia madawati, akaniangalia mimi na koti langu, akaniuliza kama mimi ni mwalimu ninayepeleka madawati shuleni. Nilikuwa natafuna, nikatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo. Akafurahi. Alifuta mikono, akatoa barua kwenye mfuko wa aproni, akasema ni ya hospitali kuhusu mume wake, imeandikwa Kizungu, na mwanawe anayejua kusoma hayupo.

"Nisomee tu hapa chini, mwalimu," akasema. "Hapa kwa tarehe. Sijui wanamtaka lini."

Nyinyi mnajua niliacha shule darasa la saba. Simiyu alikuwa mwerevu kuliko mimi, na nyumbani hapakuwa na uwezo wa kusomesha wawili, basi mimi nikaenda kwa fundi cherehani. Kiswahili nasoma na kuandika bila shida. Kizungu naona herufi tu. Ningemwambia hivyo, angecheka kidogo na kumtafuta mtu mwingine. Badala yake nilishika barua mbali na macho, nikaigeuza kwenye mwanga, nikamwambia sikubeba miwani.

Sina miwani. Natunga uzi kwenye sindano kwa macho yangu.

Akanipa pole, akanipa na hindi la pili. Khisa alikuwa ameegemea nguzo, ananijua tangu tukiwa vijana. Aliichukua ile barua polepole, akamsomea mama tarehe na saa, akamrudishia. Tulipopanda tena na gari likaanza kuyumba, alitoa kichwa dirishani akaniita, "Mwalimu, shika kamba."

Alinitania hivyo mpaka Naitiri. Nilicheka naye, lakini lile hindi la pili sikulimaliza.

Naitiri

Barasa alisoma na Simiyu darasa moja, na kama kulikuwa na mtu mwingine mwenye zile kaseti, ni yeye. Siku hizi analima vitunguu na ana ng'ombe watatu wa maziwa. Nilimkuta anakamua. Hakuacha kukamua, alinisalimu kwa kichwa akanionyesha kigoda, nami nikakaa nikisikiliza maziwa yakiingia kwenye ndoo.

Mke wake alitupikia ugali na mboga ya mrenda, na chai ya maziwa mengi mno mpaka ikashika utando. Baada ya kula nilimweleza Barasa nusu ya shida yangu. Nilisema kaseti za Simiyu zimeingiwa na unyevu zikaharibika, na mtoto anazitaka kwa makumbusho, je, hana nakala?

Barasa alisema zake alizichoma zamani. Akanieleza habari ambazo Simiyu hakuniambia, au aliniambia nikiwa sisikii. Shule iligawanyika vibaya kwa sababu ya wale Waairishi. Wavulana waliowafuata walikata kola za mashati yao na kukataa kuimba kwenye gwaride la asubuhi. Wengine waliwaita wapotevu na kukataa kula nao meza moja. Yule mwalimu aliitwa ofisini akaambiwa aache kuwaharibu watoto. Barasa alikuwa wa kwanza kukata kola. Miaka kadhaa baadaye aliokoka, akazichoma kaseti zake mbele ya kanisa, watu wakapiga vigelegele.

Nilimuuliza kama anajuta. Alijisafisha meno kwa kijiti.

"Bendi yenyewe haikuwa nzuri sana, bana," akasema. "Magitaa yao yalikuwa yanakimbizana kama ng'ombe wameona mbwa. Na yule Mlalamishi alikuwa anajipenda, usidanganyike. Lakini Simiyu akikuelezea wimbo, unataka kuusikia tena. Halafu ukiusikia peke yako unajiuliza, ati ni huu kweli?"

Akaendelea kusema kwamba anachokumbuka zaidi ni Simiyu akisimamisha kaseti kila baada ya mistari miwili, akieleza, mpaka wenzake wakamrushia viatu. Kisha akaliangalia sanduku lililokuwa miguuni pangu.

"Zote ziliingia unyevu?"

"Zote."

Akanyoosha mkono alitazame. Nililivuta sanduku kwangu. Sikupanga kulivuta, mkono ulifanya wenyewe. Barasa aliurudisha mkono wake akachukua kikombe chake. Hakuniuliza tena, wala asubuhi yake hakuniuliza, ila aliponisindikiza alisema nimsalimie shemeji, na nimwambie Nekesa ukweli wowote nitakaoweza.

Naitiri hadi Bungoma

Nilipanda bodaboda ya kijana wa pale kwa Barasa. Kabla ya Webuye gurudumu likatoboka. Tuliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi, ambaye alikuwa ameenda kwenye mkutano wa chama, tukamngoja. Nilikula chapati na madondo ya maharagwe mara mbili pale, si kwa njaa bali kwa kukosa la kufanya. Kila gari lililopita likielekea Bungoma nilijiambia nipande hilo nimwache kijana na pikipiki yake, na kila mara nikaona afadhali kungoja. Alidhani ninamwonea huruma, akanishukuru.

Bungoma tulifika alasiri. Mzee mmoja wa bodaboda ya baiskeli alinipeleka nyuma ya soko, karibu na reli, kwenye duka la Masinde. Huyu Masinde zamani alikuwa akinakili kaseti za wilaya nzima. Siku hizi anajaza nyimbo kwenye simu za watu, lakini mashine zake za zamani bado zimo rafuni, zimefunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa kama viti vya sebuleni.

Nilipotaja jina la Simiyu alisimama kunisalimu upya, kwa mikono miwili. Alisema ndugu yangu alikuja pale mara nyingi mwaka wake wa mwisho, amekonda, akakaa kwenye kreti ileile niliyokalia mimi. Alikuja na kaseti za zamani za mwalimu wake, ambazo zilikuwa zimeanza kukwaruza, akataka nyimbo zihamishiwe kwenye kaseti mpya ambazo Masinde alikuwa amebaki nazo.

"Lakini aliniambia niache nafasi baada ya kila wimbo," akasema. "Dakika mbili, tatu. Nikamuuliza nafasi ya nini, si utapoteza kaseti bure? Akasema ni nafasi ya kusema."

Maneno yenyewe Simiyu aliyarekodi nyumbani. Masinde hakuyasikia wala hakuyanakili. Kaseti za mwalimu zilikatika zikatupwa. Nyimbo tu Masinde alikuwa nazo kwenye kompyuta, na kabla sijakubali au kukataa alikuwa ameshabonyeza.

Basi pale dukani, nikiwa na miaka hamsini na tisa, nikausikia wimbo wa Waairishi tangu mwanzo mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Sitawadanganya kwamba niliupenda. Mlalamishi alipiga kelele kama nilivyomkumbuka. Msichana aliyekuwa akingoja simu yake aliziba sikio moja akauliza hii ni kelele gani tena, Masinde akamjibu ni kelele ya wazee. Lakini wimbo wa pili ulianza kwa ngoma moja tu, na yule mtu hakupiga kelele hata kidogo. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimama nje ya nyumba akiogopa kubisha. Mwenye baiskeli aliyenileta alikuwa bado mlangoni. Alivua kofia, sijui kwa nini, akaomba urudiwe.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba yule mtu hajui kuimba kwa sauti ya chini.

Masinde alisema wateja watatu tu wamewahi kuwataka Waairishi kwake. Wawili wanawapenda kama dini, mmoja alirudi amekasirika akasema ameuziwa matusi. Nilitaka kumuuliza maneno ya wimbo ule wa pili yanasema nini. Swali lilinifika mdomoni. Yule msichana alikuwepo, na mwenye baiskeli alikuwepo, nikalimeza.

"Na zile alizosemea ziko wapi?" Masinde akaniuliza.

"Ziko salama," nikamjibu, nimezikumbatia.

Bungoma hadi Sirisia

Ijumaa asubuhi sikuwa na mahali pengine pa kutafuta. Nilifika Chwele mapema mno, nikashuka, nikaingia hotelini nikaagiza chai. Pale mezani nilifungua kitambaa nikatoa kaseti moja, nikajaribu kubandua selotepu kwa ukucha. Niliwaza kwamba nikiibandua, naweza kusema sijui kwaya iliingiaje. Selotepu ilitoka, lakini iliacha gundi chafu iliyoshika vumbi, na ilionekana wazi kuliko mwanzo. Nikairudishia. Mhudumu alinitazama akadhani mimi ni fundi wa redio, akaniuliza kama natengeneza pia spika.

Kutoka Chwele kuna bodaboda kila hatua. Nilikataa zote, nikatembea zaidi ya nusu ya njia. Wenye mashamba walinisalimu wakadhani nina nadhiri. Mlima Elgon ulikuwa wazi siku hiyo, nami nilitembea nikiuangalia ili nisifikiri.

Sirisia

Walinipokea kama baba. Mimi ndiye mkubwa aliyebaki, kwa hivyo shemeji alinitandikia kitambaa kwenye kiti cha Simiyu. Kuku alichinjwa. Ugali ulikuwa wa wimbi, na juu ya sahani yangu shemeji aliweka firigisi, ambayo kwetu hupewa mwenye mji. Wajukuu wa Simiyu walipanga foleni kunishika mkono. Nekesa aliweka sanduku la kaseti juu ya kabati, mahali pa picha ya baba yake, akalitengeneza likae sawa.

Sikuweza kula ile firigisi. Niliigeuza upande huu na huu. Shemeji aliniuliza kama meno yananisumbua, kisha akauliza kama ni tumbo, kisha akaamua nimechoka kwa kutembea na akamkemea Nekesa kwa nini hakunitumia pikipiki. Kila mmoja alinitafutia sababu njema. Nikasukuma sahani, nikamwomba shemeji na Nekesa tutoke twende kinuni.

Kinu hakisagi tena, lakini unga bado umo kwenye nyufa za mbao. Niliwaambia yote pale, nimesimama: kwaya, selotepu, mkasi, mchana mzima. Niliwaambia pia kwamba nilipitia Naitiri na Bungoma kutafuta namna ya kutowaambia.

Shemeji alikaa juu ya mzani. Nekesa alikwenda ndani akarudi na sanduku. Alitoa kaseti moja, akapitisha kidole mgongoni mwake mpaka kwenye selotepu, kisha akatoa nyingine, na nyingine.

"Alivivunja mbele yetu," akasema. "Kwa msumari. Pale ulipokaa, mama. Akasema sasa hakuna mtu anaweza kufuta."

Nikasema nilijua maana yake. Nilisema nilijua wakati nafanya.

Nekesa alizirudisha kaseti sandukuni moja moja. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea, kama najua Simiyu alikuwa akisema nini mle ndani. Nikasema nimesikia kipande kimoja tu, cha kiburi.

"Alikuwa anatafsiri," akasema. "Kila wimbo. Anaweka wimbo, halafu anaeleza kwa Kiswahili maneno yanasema nini. Mimi nilimwambia, baba, sisi sote tunajua Kizungu, unamtafsiria nani? Akasema, baba mkubwa wako hajui Kizungu, na hatauliza."

Shemeji alimwambia Nekesa inatosha. Lakini Nekesa hakuwa amesema kwa ukali. Alisema kama anayesoma maandishi kwenye gunia.

Siku ya pili, baada ya sala na msalaba kusimamishwa, mimi nilipaswa kusema kama mkubwa wa familia. Nilisimama nikawaeleza watu nilichofanya. Nilisikia minong'ono, na mzee mmoja wa ukoo akatema mate pembeni. Hakunitusi, alitema tu. Kisha Nekesa akaiweka ile kaseti moja kwenye redio. Kwanza mliimba nyinyi. Mliimba vizuri sana, lazima niseme, na baadhi ya watu wakaanza kuitikia wakidhani ndiyo sehemu ya ibada. Mkakohoa, mkaagana. Halafu:

"Watu wanasema huyu mtu ana kiburi. Mimi nimemsikiliza tangu nikiwa kijana, naona ni aibu. Aliondoka nyumbani wakiwa wamenuniana, hajui arudi namna gani, ndiyo maana anapiga kelele akiwa mbali. Kuna nyimbo zake mbaya, hizo nimeziruka, usijali. Hii si mbaya. Sasa sikiliza, gitaa linaingia polepole."

Gitaa likaingia polepole, na kaseti ikaisha. Mjukuu mdogo akauliza babu ameenda wapi. Waliirudia mara nne.

Wageni walipokwisha kwenda, Nekesa alileta simu yake, akaiweka mbele yangu kwenye stuli. Akasema kwa kuwa baba yake alinielezea zile nyimbo miaka yote hiyo nyumbani, shambani, kwenye harusi, basi nieleze mimi ninachokumbuka, airekodi kwa ajili ya watoto. Akabonyeza. Nikafungua mdomo.

Nilikumbuka mikono yake ilivyokuwa ikipunga alipokuwa akieleza. Nilikumbuka shati alilovaa. Maneno hayakuwepo. Alikuwa ameongea nami zaidi ya nusu ya maisha yetu, na sikuwa nimehifadhi hata mstari. Nilisema, "Alisema gitaa linaingia polepole," nikanyamaza. Nekesa alingoja kidogo, kisha akazima.

Jumapili sikuondoka. Jumatatu pia. Nilisaidia kurudisha viti vya kanisa, nikamshonea shemeji mapazia. Nekesa alibandua selotepu kwenye ile kaseti moja, akaisugua kwa mafuta ya taa mpaka gundi ikaisha, matundu yakabaki wazi kama Simiyu alivyoyaacha. Kumi akanirudishia. Akasema ni zenu.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta uani, anafua, na simu yake juu ya jiwe inapiga wimbo. Baada ya kusikia nilipitia Bungoma, alikuwa amemwomba Masinde amtumie. Ulikuwa ule wa ngoma moja, wa sauti ya chini. Nilisimama na mkoba wangu. Wajukuu walikuwepo, na jirani alikuwa anachota maji.

Nikamuuliza, "Anasema nini hapo?"

Nekesa aliacha kufua. Alifuta mikono kwenye kanga, akaurudisha wimbo nyuma kidogo, akausimamisha baada ya mistari miwili kama alivyokuwa akifanya baba yake. Akanieleza. Akapiga mistari mingine miwili, akasimamisha, akanieleza. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, na pikipiki iliyokuja kunichukua ikachoka kungoja ikaenda zake.

"Sijui kama nimesema sawa," akasema. "Yeye angekueleza vizuri."

Akarudi kwenye beseni.